Kiti cha mwana kukaliwa na mama: kisa cha mjumbe mmoja wa kamati ya mtaa

Katika daftari la mahudhurio la Machi 2024, mstari wa saba, pameandikwa jina la mama ambaye hakuwa mjumbe wa kamati ya watu wenye ulemavu ya mtaa wetu. Mjumbe alikuwa mwanawe, kijana wa miaka 26, aliyekuwa amekaa naye benchi moja katika ofisi ya serikali ya mtaa, shati jeupe limenyooshwa vizuri, mikono juu ya magoti. Mimi nilikuwa upande wake wa pili. Daftari lilipotufikia, mama alilipokea, akasaini, akachukua nauli ya wajumbe, akalipitisha kwa jirani. Kijana aliifuata kalamu kwa macho. Hakuna aliyeona tatizo, na mimi niliyepewa kazi ya kumsindikiza ndiye niliyepaswa kuliona kabla ya wengine.

Nakiandika kisa hiki kwa idhini yao wote wawili, bila majina na bila kutaja mtaa. Nimeulizwa mara nyingi na vijana wa vyuo na wazazi wapya: nikitaka kujitolea kwenye mambo ya watu wenye ulemavu wa akili, naanzia wapi? Nafasi za uongozi zipo? Zipo, na nyingine zimeandikwa kwenye sheria. Lakini kabla ya kuwaelekeza watu kwenye nafasi hizo nataka waone jinsi nafasi moja ilivyotolewa, ikapotea mbele ya macho yetu siku ya kwanza, na kazi iliyofanyika kuirudisha kwa mwenyewe.

Sisi ni kikundi cha wazazi mjini Tanga. Tulianza wanane, tunakutana Jumamosi kwenye baraza ya shule ya msingi yenye kitengo cha elimu maalumu. Watoto wana ulemavu wa akili, usonji, mtindio wa ubongo, wengine Down sindromu, na wapo ambao mama zao hawajawahi kuambiwa na daktari yeyote jina la hali ya mtoto. Mimi sina mtoto mwenye ulemavu. Nilifundisha shule hiyo mpaka nikastaafu, nikabaki kikundini kama katibu wa kujitolea.

Kijana ninayemzungumzia alipita kwenye kitengo chetu. Hapa nitamwita Mjomba, kwa sababu yeye humwita kila mwanaume mjomba, na mtaa mzima ukamrudishia jina hilohilo. Hasomi. Hesabu ya chenji humshinda. Kazi yake ni kuuza kahawa pamoja na kaka wa mama yake: mjomba mtu mzima anapika, kijana anatembeza birika na vikombe, na wateja wanajua kumpa sarafu kamili. Kila siku, saa kumi jioni mpaka magharibi, anapita vichochoro ambavyo hata mwenyekiti wa mtaa hafiki. Anajua nani anaumwa na nani amesafiri, na mzee asiyetoka nje siku hiyo hufuatwa na kahawa yake mlangoni. Aliyefiwa atamkuta Mjomba msibani kabla ya majirani.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikapitishwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, namba 9 ya 2010. Chini ya sheria hiyo zinaundwa kamati za watu wenye ulemavu kuanzia kijiji na mtaa kwenda juu. Katika mtaa wetu viti viligawanywa kwa aina ya ulemavu: ulemavu wa viungo, wasioona, viziwi, wenye ualbino, na ulemavu wa akili. Viti vinne vya kwanza vilikaliwa na wenyewe. Kiti cha tano, kwa miaka minane, kilikaliwa na mama yake Mjomba.

Sitaki msomaji amwone mama huyu kama mtu aliyeng'ang'ania cheo. Mwanawe alipokuwa na miaka sita alimbeba mgongoni kwenda shule tatu, zote zikamwambia hakuna nafasi, mpaka alipofika kwetu. Ndiye aliyekwenda halmashauri kudai mwalimu wa pili wa kitengo. Ndiye aliyewafundisha wenzake kutojibu wanapoambiwa mtoto wao ni taahira au zezeta, ila kumwuliza aliyesema: umemwona mtoto wangu, au umeona ugonjwa? Kikundi kisingekuwepo bila yeye. Ndiyo maana kilichotokea baadaye kilimuumiza, na ninaandika nikijua hilo.

Mwanzoni mwa 2024 mtendaji wa mtaa alituandikia barua tupendekeze mjumbe. Tulikuwa tunajadili kumrudisha mama palepale, kama kawaida, Mjomba akiwa anatugawia kahawa. Akaweka birika chini, akasema, "Mimi nitakwenda."

Baraza ilikaa kimya. Kisha kila mtu akaongea kwa pamoja. Baba mmoja, ambaye wakati ule alikuwa mwanaume pekee kikundini, alisema kamati ni mahali pa kugombania vitu, na tukipeleka mtu asiyeweza kugombana, vitu vitatupita. Mama mwingine alisema ni vizuri aende kwa heshima, lakini mama yake abaki mjumbe. Mama mwenyewe alinong'ona, na maneno yake ninayakumbuka mpaka leo: "Mwalimu, watamcheka. Mimi nimezoea kuchekwa, yeye hajazoea."

Tulipiga kura kwa mikono. Tisa walikubali, watano walikataa. Nilinyoosha wangu pamoja na wale tisa, kwa ujasiri wa mtu ambaye hajafikiria kesho yake itakuwaje.

Mtendaji naye alikuwa na swali, nalo halikuwa la ubaya. Aliuliza kama sheria inamruhusu mtu wa namna hiyo. Alikuwa anafikiria Katiba, ibara ya 5(2), inayolipa Bunge uwezo wa kutunga sheria ya kumzuia raia asipige kura kwa sababu kadhaa, mojawapo ikiwa ni "ugonjwa wa akili". Tulimweleza mambo mawili. Kwanza, ibara hiyo inahusu kupiga kura, na uwakilishi kwenye kamati ya watu wenye ulemavu ni jambo jingine. Pili, ugonjwa wa akili na ulemavu wa akili si kitu kimoja. Ugonjwa wa akili unaweza kumpata mtu yeyote wakati wowote, na unatibiwa. Ulemavu wa akili ni namna ubongo ulivyokua tangu utotoni: mtu anajifunza taratibu zaidi, anahitaji msaada katika baadhi ya mambo, na hali hiyo haiponi kwa dawa kwa sababu si maradhi. Kiswahili chetu kinayaweka yote mawili chini ya neno "akili", na watu wengi wenye elimu nzuri wanayachanganya. Mtendaji aliandika tofauti hiyo kwenye shajara yake, akamkubali mjumbe wetu.

Basi tukafika Machi. Kikao kilifunguliwa kwa dua, ukasomwa muhtasari wa kikao kilichopita, yakaja yatokanayo, zikaja taarifa. Maneno yalikuwa yale ya ofisini: afua, mpango kazi, bajeti, mchakato, wadau. Mjomba alisikiliza kwa dakika kumi akiinamia mbele kama mtu anayejaribu kusikia redio ya nyumba ya pili. Kisha akaegemea ukuta. Baadaye kidogo akasinzia. Alipozinduka, mwenyekiti alikuwa anauliza kama wajumbe wanaafiki mpango wa kuwaorodhesha upya watu wenye ulemavu katika mtaa. Wanne wakaitikia. Mwenyekiti akatugeukia, akamtazama mama kwanza, kisha mimi: "Na huyu?"

Nikajibu, "Anaafiki."

Hakuwa amesema neno. Hakuwa hata ameulizwa kwa jina. Tulipotoka nje alinisaidia kushuka ngazi, maana magoti yangu yameshazeeka, akaniuliza kwa sauti ileile anayoulizia kama unataka kashata: "Mwalimu, kumbe mjumbe ni wewe?"

Usiku ule sikulala vizuri. Kesho yake nilikaa na daftari, nikaandika mahali tulipoanguka.

Wa kwanza ni mimi. Msaidizi wa kujitolea anaponyamaza katika kikao huonekana kama hafanyi kazi, na mimi nimefundisha miaka thelathini na zaidi. Ukimya wa darasa huwa naujaza bila kujijua. Swali likiulizwa na mtu akichelewa kujibu, mdomo wangu unafunguka. Mjomba huchukua muda kujibu. Nilikuja kuhesabu baadaye: kati ya swali na jibu lake hupita sekunde kumi na tano, wakati mwingine ishirini. Hakuna mwenyekiti wa kikao Tanga anayesubiri sekunde ishirini.

Mama alifanya alichofanya kwa miaka 26. Kalamu ikija, anasaini. Daktari akiuliza, anajibu. Kwa mtoto wa miaka minne huo ni ulinzi. Kwa mtu mzima huyohuyo, katika chumba kilekile, ulinzi huo unamfuta. Na sisi tulimpeleka mtoto kwenye kiti bila kumpa mama mahali pengine pa kukaa. Tulidhani tunatatua jambo la kiti kimoja, kumbe walikuwa wanahitajika watu wawili wenye mambo mawili tofauti ya kusema.

Kuhusu kikao chenyewe nitasema kwa ufupi. Kwa mjumbe kiziwi kamati ilimruhusu dada yake aje kutafsiri kwa lugha ya alama. Kwa asiyeona, taarifa husomwa kwa sauti. Kwa mwenye ulemavu wa akili hapakuwa na kitu, na hakuna aliyejua kitu hicho kingekuwa nini. Ngazi watu wanaziona, wakakumbuka kuweka mteremko wa kiti mwendo. Sentensi ya maneno arobaini nayo ni ngazi, ila wengi wetu tunaipanda bila kuhisi.

Katika kutafuta wenzetu walifanyaje, mtu wa shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu aliyewahi kutuendeshea mafunzo alinisimulia habari za Oregon, Marekani, nami nikazifuatilia. Mwaka 1973 watu wachache waliowahi kuishi katika taasisi ya serikali iitwayo Fairview, mjini Salem, walikwenda Kanada kwenye mkutano uliosemwa ni wa watu wenye ulemavu wa akili. Wakakuta wanaozungumza zaidi ni wataalamu. Walirudi wakaamua kuandaa wa kwao. Walianza kukutana Januari 1974. Katika mazungumzo ya kutafuta jina, mmoja wao alisema amechoka kuitwa kwa upungufu wake, anataka ajulikane kwanza kuwa ni mtu. Jina la harakati likawa People First, yaani watu kwanza. Oktoba mwaka huohuo waliitisha mkutano, wakahudhuria zaidi ya watu 500. Walikuwepo wasaidizi wasio na ulemavu: wa kuendesha magari, wa kusoma barua, wa kusaidia kupanga hesabu. Lakini viongozi walikuwa wenyewe.

Nilipoisoma habari hiyo nilifikiria lugha yetu. Sisi tumetoka kwenye kiwete na kipofu, maneno ya ngeli ya vitu, tukafika "mtu mwenye ulemavu", mtu akitangulia. (Viziwi wamebaki na neno lao kwa hiari yao, hata chama chao kinaitwa Chama cha Viziwi Tanzania, na hiyo ni haki yao kuamua.) Karatasi zetu zote za kikundi zilikuwa na "mtu mwenye". Kwenye benchi tulimtanguliza mama na mwalimu.

Jambo la pili nililojifunza kutoka huko ni la viti. Sheria ya Marekani ya ulemavu unaoanza utotoni, iliyorekebishwa mwaka 2000, inataka kila jimbo liwe na baraza ambalo angalau asilimia 60 ya wajumbe wake ni watu wenye ulemavu huo au jamaa zao. Halafu inakwenda mbele zaidi: kati ya hao, theluthi moja wawe wenyewe, theluthi moja wazazi au walezi, na theluthi inayobaki mchanganyiko. Sisemi tuige kila kitu. Lakini waliotunga kifungu kile walielewa kwamba mzazi na mwana wote wana haki ya kusikilizwa, na kwamba ukiwaachia kiti kimoja, mzazi atakikalia, tena kwa upendo. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia Mkataba nayo, katika ufafanuzi wake wa 2018 kuhusu ushirikishwaji, inatambua vyama vya wazazi na familia, huku ikisisitiza kwamba kazi ya familia ni kumwezesha mwenyewe aongee.

Tukaanza upya. Nilimwomba mtendaji anipe ajenda siku kumi kabla ya kikao. Alishangaa, kwa sababu hakuna mjumbe aliyewahi kuiomba, kisha akanipa. Kila Alhamisi baada ya asubuhi ya sokoni Mjomba alikuja kwangu kwa saa mbili. Tulichukua ajenda, tukaacha mambo yote isipokuwa matatu ambayo yeye alichagua. Kila jambo tukalichora kwenye kipande cha manila. Yeye ndiye anayechora. Mimi nikichora anasahau maana yake.

Pia tulitengeneza kadi za rangi. Wazo hili si letu, vikundi vya namna hii nje vinalitumia siku nyingi, lakini Mjomba ni mtu wa Coastal Union damu na moyo, na kadi anazijua kutoka uwanjani. Njano: sijaelewa, rudia. Nyekundu: simameni, nataka kusema. Kijani: nimekubali. Tulimwandikia mwenyekiti barua fupi kumweleza, na kumwomba mambo mawili zaidi: amwulize mjumbe kwa jina lake, na baada ya kuuliza ahesabu taratibu mpaka ishirini kabla ya kuendelea. Mimi nilihama kutoka pembeni yake, nikakaa benchi la nyuma.

Kwa mama tuliomba kiti cha mzazi. Mtendaji alisema hana mamlaka ya kuongeza mjumbe, anaweza kumwalika tu. Mwalikwa hapewi nauli. Kikundi kikakubali kumlipia kutoka mfuko wake. Mama alikuja, lakini hakusema nami kwa wiki kadhaa. Siku moja aliniambia, bila kupandisha sauti: "Umenitoa kwenye kiti nilichokikalia miaka minane, mwalimu, ukaniambia ni maendeleo." Sikuwa na jibu. Kiti kilikuwa kimemgharimu, na ile nauli, ndogo jinsi ilivyo, ilikuwa fedha pekee aliyowahi kulipwa kwa kazi hiyo.

Kikao cha Juni kilikuwa cha mikopo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji ulikuwa umesitishwa 2023, na mwaka 2024 tulikuwa tunaambiwa unarejea. Mtendaji akasoma: andiko la mradi, dhamana ya kikundi, marejesho, ufuatiliaji. Kadi ya njano ikapanda.

Mtendaji akasita, akatafuta kwenye karatasi mstari wa kurudia, kisha akaiweka karatasi mezani. "Mjomba," alisema, "ni hivi. Halmashauri inawapa wewe na wenzako hela ya kununua kahawa na sukari. Mkiuza, mnarudisha hela ileile kidogokidogo. Hawataki iongezeke."

Mwenyekiti akahesabu. Nilimwona midomo ikitembea. Alipokaribia ishirini, Mjomba akauliza: "Mimi nikiumwa, nisiuze?"

Ni swali ambalo maelezo yote ya mikopo niliyowahi kuyasikia yalikuwa yamelipita. Mjumbe kiziwi akanyoosha mkono papo hapo, dada yake akatafsiri kwamba naye anataka kujua hilo. Mzee asiyeona akasema kikundi chake cha zamani kilivunjika kwa sababu hiyohiyo: mmoja aliugua, wenzake wakalipa deni lake, wakamchukia. Mjadala ulichukua nusu saa. Kikao kikaamua, na ikaandikwa kwenye muhtasari, kwamba afisa maendeleo ya jamii wa kata aje aeleze utaratibu wa mtu akiugua kabla ya kikundi chochote cha mtaa wetu kuomba. Alikuja mwezi wa nane. Siku ile ya Juni daftari lilipopita, Mjomba alichora mstari na duara kwenye nafasi ya saini. Mama alikaa juu ya mikono yake, kwa maana halisi kabisa, mikono chini ya mapaja.

Jambo lililofuata ndilo lililonifanya niandike.

Tulikuwa tunajiandaa kwa kikao cha Septemba. Ajenda ilirudi kwenye orodha ya watu wenye ulemavu, ile ambayo nilikuwa "nimeiafiki" kwa niaba yake. Nilimweleza kwamba mtaa unataka kujua ni watu wangapi. Akachukua manila, akachora mstatili wenye kitasa. Nilidhani ni nyumba. Akasema ni mlango.

"Nani yuko mlangoni?"

Akasubiri. Nami nikasubiri, nikitazama saa ya ukutani ili nisifungue mdomo. Akasema: "Nikigonga vikombe, anagonga mlango."

Wauza kahawa hutangaza biashara kwa kugonganisha vikombe mkononi. Katika kichochoro fulani, nyuma ya nyumba moja, kila akipita akigonga vikombe, mtu ndani alimjibu kwa kupiga mlango wa bati. Ilikuwa hivyo kwa muda mrefu. Aliwahi kuwaambia wateja wakamwambia ni mbuzi. "Si mbuzi," aliniambia. "Mbuzi hasubiri."

Hapo palihitajika uangalifu. Kulisema jambo hilo kikaoni kungeifikisha nyumba ile kwenye midomo ya mtaa kabla ya jua kuzama. Nilimshauri aseme bila kutaja nyumba. Alikataa, akaniuliza sasa wataendaje. Alikuwa na hoja. Tulikubaliana asiseme kikaoni kabisa. Tukamwendea afisa ustawi wa jamii, na Mjomba akamweleza mwenyewe kwa kadi yake ya mlango.

Afisa alitaka kwenda na mgambo. Mjomba akasema ataenda yeye na birika. Tukaenda watatu, nami nyuma. Aligonga vikombe, bati likalia. Akaita mbele ya nyumba, "Shikamoo bibi, kahawa." Bibi akafungua, kwa kuwa anamjua, na akatukaribisha mkekani kabla ya kujua tumefuata nini.

Ndani alikuwa mjukuu wake, binti wa miaka tisa mwenye mtindio wa ubongo. Mama wa mtoto anafanya kazi za nyumbani Dar es Salaam na hutuma fedha. Bibi akienda sokoni humfungia mtoto, kwa sababu kuna kisima uani na hakuna wa kumwachia. Hakuwa akimtesa, mtoto alikuwa msafi, amesukwa nywele. Watu wa kuandikisha walipopita, bibi aliwaambia hana mtoto ndani, kwa kuogopa kwamba atachukuliwa apelekwe mbali. Afisa alipoanza kuuliza maswali yake, bibi alijifunga. Mjomba alipomimina kahawa na kumpa binti kikombe kitupu na kimoja cha kugonga, mtoto alicheka kicheko ambacho bibi alisema hajakisikia tangu Idi. Baada ya hapo akazungumza.

Yaliyopatikana mpaka sasa niyaseme kama yalivyo. Binti ameandikishwa. Kisima kimefunikwa, kazi ya vijana wa mtaa ya siku moja. Mama wawili wa kikundi chetu hukaa naye kwa zamu siku za soko, na aliyepanga zamu hizo ni mama yake Mjomba, ambaye sasa ndiye anayewatembelea walezi wa watoto wasioweza kusema. Katika kazi hiyo hakuna wa kumfikia, wala mimi wala mwanawe. Bado tunasalimiana kwa uangalifu, mimi na yeye, lakini tunafanya kazi pamoja. Shule bado. Kitengo kiko mbali, binti hatembei, na kiti mwendo tulichoomba hakijafika.

Novemba 2024 ulikuwa uchaguzi wa serikali za mitaa, akaja mwenyekiti mpya ambaye hakujua habari za kadi wala za kuhesabu ishirini. Kikao chake cha kwanza kilirudi kwenye mwendo wa zamani kwa nusu saa nzima. Utaratibu wetu ulikuwa kichwani mwa watu, haukuwa umeandikwa popote, na watu walipobadilika ukaondoka nao. Tumeuandika sasa, ukurasa mmoja, na tumeomba uambatishwe kwenye taratibu za vikao vya kamati.

Udhaifu mwingine ni kwamba mambo yote yalinitegemea mimi, na nina miaka 67. Kwa hiyo ukiniuliza nafasi ya kujitolea iko wapi, moja iko hapa: mtu wa kukaa na mjumbe saa mbili kila Alhamisi, kuomba ajenda mapema, na kukaa benchi la nyuma. Haina cheti, na jina lako halitatokea kwenye muhtasari. Nyingine ni kubadili barua za halmashauri ziwe sentensi fupi ambazo mtu akisomewa mara moja anaelewa. Mwenye kompyuta anaweza kuifanya akiwa popote. Mwenye pikipiki anaweza kuwachukua wajumbe. Na mzazi mpya asianze kwa kugombea chochote, atembee kwanza na wenzake nyumba kwa nyumba kwa miezi michache.

Tulipata watu wawili walioomba nafasi yangu, mwanafunzi wa chuo na binti anayeuza duka la vocha. Mjomba alikaa na kila mmoja Alhamisi moja. Mwanafunzi alikuja na mipango mizuri ameichapa. Mjomba alimsikiliza, akanyanyua kadi ya njano mara tatu, kijana akaeleza kila mara kwa urefu zaidi. Binti wa vocha alimwuliza swali moja kuhusu kahawa, kisha akangoja. Ndiye anayekwenda naye kikao kijacho. Ameshachukua ajenda kwa mtendaji, na kwenye manila ya kwanza kumechorwa kiti chenye magurudumu.